Tumbo la Baba Dorkas na Tundu la Ndiva

Mume wangu Melkizedeki alinenepa kwenye semina ya kujitegemea. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kijijini kwetu, huku juu Mamba, hupenda kusimulia kwamba mimi ndiye niliyemnenepesha, na mimi sitaki kulaumiwa kwa chungu nisichokipika. Niliyempandisha kwenye lori la kushuka Same alikuwa mtu mwembamba, suruali imeshikwa na kamba ya katani. Aliyerudi hakuhitaji kamba.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Kila kijiji kilitakiwa kutoa mtu mmoja akasomee siasa ya ujamaa chuoni, nasi tukamtoa yeye. Alijua kusoma, aliimba sauti ya chini kabisa katika kwaya yetu ya Kilutheri, na mkutanoni hakuwa mtu wa kubisha. Huko chuoni, alivyonisimulia, asubuhi walifundishwa kwamba kila mtu ale kwa jasho lake, kisha wakapewa wali. Mchana walifundishwa ubaya wa unyonyaji, wakapewa wali na nyama. Jioni waliulizana maswali juu ya yale ya asubuhi, wakapewa ugali na samaki. Jembe hawakulishika hata siku moja, maana semina ilikuwa ya kuzungumza habari za jembe.

Aliposhuka kwenye lori, binti yetu Dorkas alijificha nyuma ya kanga yangu, akamwamkia kama anavyowaamkia wageni. "Shikamoo." Baba yake akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na kifungo cha shati kikaruka. Watoto wa shule walikuwa wamefundishwa wimbo wa kumsema mnyonyaji, kupe mwenye tumbo, na hawakuwa wamepata kupe wa kumwimbia. Sasa walimpata. Maskini, alikuwa akipita anawapungia mkono, akidhani wanamkaribisha.

Mimi mwenyewe tumbo halikunisumbua. Mwanamume ni mwanamume, akiwa mnene au mwembamba anakoroma vilevile. Kilichonikosesha raha kilikuwa ndiva.

Asiye wa huku kwetu nimweleze. Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, yalale humo usiku, asubuhi yafunguliwe yakanyweshe mashamba. Ya kwetu ilijengwa kwa mawe na babu yake Melkizedeki, na chini ya ukuta aliacha tundu la kutolea maji, refu kupita mtu aliyelala. Kila mwaka kiangazi kikiisha ndiva inakuwa kavu, na tundu limejaa tope na mizizi. Lazima mtu aingie kwa tumbo kutokea upande wa mashamba, achimbe mbele yake kwa kijembe, mpaka atokeze upande wa pili, ndani ya ndiva. Asipopenya kabla ya mvua za vuli, maji hayatoki. Kazi hiyo ni ya nyumba ya mume wangu, tangu kwa babu. Na nyumba ya mpenyaji ndiyo inayopata zamu ya kwanza ya maji.

Shamba letu liko mwisho kabisa wa mfereji. Bila zamu ya kwanza, kinachotufikia ni matope na vyura. Mahindi yangu, maharage yangu na matumbo ya watoto wangu yalitegemea mwanamume mmoja kupita kwenye tundu moja. Akishindwa, kazi inahamia nyumba ya baba yake mdogo, yaani kwa binamu yake Eliufoo, na haitarudi.

Eliufoo alikuwa mwembamba kupindukia. Alikuwa anakula sana, na kila akila alijisifu kwamba kwake chakula hakikai. "Mimi ni mfereji," alikuwa akisema, "kinaingia, kinapita." Alipomwona ndugu yake anashuka kwenye lori, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mzee Fanueli, mtunza ndiva, hakutaka maneno mengi. Akamwita mume wangu pale kwenye tundu ajaribu, watu tukiangalia. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likagoma.

"Vuta tumbo ndani!" Mzee Fanueli akaamuru.

"Nimelivuta, mzee," sauti ikatoka kwenye mawe.

"Hilo ndilo lililovutwa?"

"Ndilo, mzee."

Mzee Fanueli akatazama mbingu, kisha akaagiza avutwe miguu. Wakamvuta, naye akatoka na ngozi ya tumbo imechubuka. Akapewa muda mpaka dalili za vuli. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hofu.

Tukaenda kwa Gideoni, mganga msaidizi wa zahanati, kijana aliyesoma na mwenye kupenda kueleza. Alituambia chakula kina moto wake, na moto huo hupimwa kwa kitu kinaitwa kalori. Ukitoka jasho unauchoma. Dawa ni kutoka jasho kwa wingi, na baada ya hapo kutokurudisha kilichochomwa.

"Mama Dorkas, nikuulize," akasema. "Mtu akitembea mpaka Hedaru, akachoma moto wa sahani moja, halafu akafika akala sahani moja, amefanya nini?"

"Amefika Hedaru," nikamjibu.

Gideoni akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamgeukia mume wangu, hakunitazama tena mpaka tukaondoka.

Basi Baba Dorkas akajitia kwenye msaragambo. Msaragambo ni kazi ya wote: baragumu inalia, kila nyumba inatoa mtu, mnatengeneza mifereji au barabara, na mkimaliza mnakula pamoja palepale. Mume wangu alichimba kama aliyetumwa na shetani. Alibeba mawe ya watu wawili. Shati lake lilikuwa linakamuliwa. Shida ikaja wakati wa kula, na shida hiyo ilikuwa mimi.

Maana mshika upawa wa msaragambo nilikuwa mimi. Nilipewa upawa ule na mama mkwe wangu, naye alipewa na wa kwake, upawa wa mti wenye mpini mrefu wa kufika chini ya pipa la makande. Na upawa una sheria yake. Wakati wa mkoloni wazee wetu walichukuliwa kulima barabara kwa viboko, wakachimba tangu jua kuchomoza, wakarudishwa makwao na njaa. Waliapa kwamba huku kwetu hakuna atakayetoka jasho la wote akaenda nyumbani bila kula. Jasho lisilolishwa ni jasho la shokoa, kazi ya kulazimishwa, na mtu akiondoka na jasho hilo mgongoni, mfereji unakauka. Kwa hiyo mshika upawa hatazami uso wala ukoo. Anatazama mgongo. Shati likilowa kidogo, upawa mmoja. Likilowa lote, unajaziwa mpaka sahani ilalamike.

Sasa fikiria. Kadiri mume wangu alivyotoka jasho ili apungue, ndivyo sheria ilivyonitaka nimjaze.

"Mama Dorkas," akaninong'oneza siku ya kwanza, "nipe kidogo tu."

"Geuka."

Akageuka. Mgongo ulikuwa kama umetolewa mtoni. Nikampakulia mlima.

"Unaniua."

"Chuoni mlifundishwa asiyefanya kazi asile, au sivyo? Basi aliyefanya kazi na ale. Pita, watu wanasubiri."

Alikula analia. Wiki iliyofuata, kabla ya kupanga foleni, nikamwona nyuma ya jabali amelitandaza shati juani likauke, aonekane mvivu. Na upande wa pili wa jabali hilohilo nikamwona Eliufoo, ambaye kutwa nzima alikuwa ameegemea jembe, analichovya shati lake kwenye mfereji. Niliwatoa wote wawili kwa mpini wa upawa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mimi nimechoka kudanganywa na migongo ya ukoo huu.

Hapo jambo likawa la kijiji. Mzee Fanueli akaitisha mkutano penye ofisi ya tawi la chama, ajenda ikiwa moja: jasho la Melkizedeki lirudishwe au lisirudishwe?

Gideoni akasimama na kueleza habari za kalori, akasema lisirudishwe hata punje. Bibi mmoja wa nyuma akauliza kama hizo kalori ziliwahi kulima. Mwingine akasema lirudishwe lote, ila akimbie mlimani, arudishiwe tena, akimbie tena, mpaka mvua inyeshe. Mtu akasema apewe mchuzi bila maharage. Mtu akamjibu kwamba makande hayana mchuzi. Nusu ya asubuhi ikapotelea kwenye mchuzi.

Nikasimama. "Akiondoka bila kula, sheria imevunjika na mfereji unakauka. Akila, tundu linamkataa na mfereji unakauka. Wanaume mmekaa hapa tangu jua kuchomoza. Semeni."

Aliyesema ni Mzee Fanueli, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. "Huko Dar es Salaam mbunge anatuwakilisha kwa kusema. Mtu atashindwaje kuwakilishwa kwa kula?"

Yakapigwa makofi. Ikapitishwa: kila sahani ya Melkizedeki igawanywe, nusu ale mwenyewe, nusu iliwe na mwakilishi wake kwa niaba yake, ili jasho lote lilishwe na tumbo lisijue. Kabla hata hajaulizwa mtu, Eliufoo alikuwa ameshasimama. Alisema yeye ni damu moja na mhusika, na chakula kwake hakikai, kwa hiyo hakuna hasara. Nilimwona anavyotabasamu. Alitaka ndugu yake afe njaa nusu, na yeye alipwe makande kwa kumtazama.

Basi ikawa hivyo. Kila msaragambo mume wangu anachimba, anageuka, napakua kwa haki, nachora mstari katikati ya sahani kwa mpini wa kijiko, kisha wanakaa bega kwa bega kwenye jiwe moja. Baba Dorkas analamba nusu yake mpaka bati linang'aa. Eliufoo anakula yake mwenyewe kwanza, halafu nusu ya mwenzake. Akimaliza anasema, "Asante kwa niaba," na Mzee Fanueli anaitika.

Mume wangu akapungua. Kwanza shingo ilirudi, kisha mbavu, kisha kamba ya katani. Watoto wa shule walibaki na wimbo wao mikononi, hawajui wampe nani. Nyumbani nako sikumwongezea, ingawa jioni alikuwa anaitazama mikono yangu inavyochambua maharage, na moyo wangu uliuma, kwa kweli uliuma. Akiimba kanisani sauti ya chini ilikuwa inakatika katikati ya ubeti. Nilianza kuogopa jambo ambalo Gideoni hakulizungumza, kwamba mtu anaweza kupungua mpaka akaenea kwenye tundu, na nguvu za kuchimba asiwe nazo.

Eliufoo naye, huyo mfereji, aliziba. Hakugundua mwenyewe. Sisi ndio tulioona jiwe lile wanalokalia likianza kumtosha mmoja tu.

Mawingu ya vuli yakaanza kukaa juu ya mlima Shengena. Baragumu ikalia, kijiji kizima kikateremka kwenye ndiva kavu. Mimi nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimebeba kuni, nimeteka maji, nimepika, kisha tukalisukuma pipa la makande mimi na wenzangu mpaka pale chini, ndani ya ndiva, maana ndipo angetokeza.

Mzee Fanueli akasema kama ilivyo desturi, "Nyumba ya kwanza ijaribu. Ikishindwa, nyumba ya pili ipo tayari?"

"Ipo," akasema Eliufoo, akapiga hatua mbele, na shati lake likafunguka lenyewe. Watu walimtazama tumbo. Yeye pia akalitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na nyumba ya tatu.

Baba Dorkas akaingia. Kichwa, mabega, tumbo, magoti, nyayo. Akamezwa. Tukaruka ukuta kuja upande wa ndani kumsubiri. Tukasikia kijembe, kwanza kwa nguvu, baadaye polepole, kama mtu anayegonga mlango wa watu asiowajua. Tope likaanguka upande wetu, pakatokea upenyo wa mkono, na nyuma ya upenyo, ndani kidogo, uso wa mume wangu umejaa udongo. Mbele yake mzizi wa mkuyu ulikuwa umepita katikati ya mawe, mnene kama kifundo cha mguu. Akaupiga kwa panga fupi alilokuwa nalo. Akaupiga tena. Panga likamponyoka, akaliokota, likamponyoka.

"Sina nguvu," akasema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini ndiva nzima ilisikia.

Kijana mmoja akachomoa panga aupige mzizi kutokea kwetu. Mzee Fanueli akainua fimbo. "Akisaidiwa kwa panga, hajapenya!"

"Na kwa upawa?" nikauliza.

Mzee Fanueli akawatazama wazee wenzake. Hakuna babu aliyewahi kusema lolote juu ya upawa. "Upawa," akasema mwishowe, "si panga."

Nikachota makande, nikaupitisha ule mpini mrefu kwenye upenyo mpaka mdomoni mwake. Akala kama ndama. Nyuma yangu Gideoni akapiga kelele, "Usirudishe! Yumo ndani! Atavimba!" Na upande wa kushoto Eliufoo naye, "Nusu ni yangu! Ilipitishwa na mkutano!" Nikachota tena, nikampa. Rangi ikamrudia midomoni. Nikachota mara ya tatu, nikanyoosha mkono, na mkono ukasita.

Macho yake yalikuwa yanaomba. Miezi yote ile alikuwa ameomba apunguziwe, na sasa aliomba aongezwe, na mimi nilikuwa nimeshika upawa huohuo. Nikikosea kwa kumnyima, atazimia kwenye giza lile. Nikikosea kwa kumpa, makande yatamjaa tumboni akwame kama kizibo, mvua imkute humo. Hakuna mkutano wala kalori wala babu wa kuniambia. Nilimwogopea mno.

Nikaurudisha upawa kwangu.

"Mama Dorkas!"

"Toka kwanza. Hiki chako nimekishika hapa. Ukitoka utakula."

"Una roho mbaya, mwanamke wewe!"

"Ninayo. Kata mzizi."

Hasira ni kitoweo. Aliukata mzizi ule akitaja jina langu kwa kila pigo, na majina mengine ambayo mwanakwaya hastahili kuyajua. Mzizi ukavunjika. Mawe yakaachia, na mume wangu akatokeza ndani ya ndiva, mwekundu wa udongo, akaanguka miguuni pangu. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Nililia hadharani, sikuona haya.

"Haya," nikamwambia, nikampa ule upawa ambao bado nilikuwa nimeushika. "Kula."

Akaupokea. Akauinua hadi karibu na mdomo, kisha akasimama hivyo, ananitazama. Akazunguka nyuma yangu.

"Simama hivyohivyo," akasema. "Gauni lako limelowa."

"Nini?"

"Mgongo wako. Kutoka shingoni mpaka chini. Umelowa kuliko wangu." Akawageukia watu. "Nani humpakulia huyu?"

Miaka yote ile nilitazama migongo ya kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kuutazama wa kwangu, maana mshika upawa siku zote huwaelekezea watu uso. Mimi hula ukoko, kama umebaki, nikiwa nasugua pipa. Mama mkwe wangu naye alikula ukoko.

Baba Dorkas akachukua sahani, akaenda kwenye pipa, akachota, akachota tena, akajaza mpaka sahani ikalalamika. Mzee Fanueli akasema mwanamume hashiki upawa. Mume wangu akamjibu kwa adabu, "Mzee, upawa si panga," akaniwekea sahani mikononi, akanikalisha kwenye jiwe.

Watu wote walisimama na njaa zao wananitazama. Eliufoo akasogea taratibu, akainama, akaniuliza kwa upole kama nitahitaji mwakilishi.

Nikala yote.